Jani la Sale na Jumamosi Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Ubao wa zamu umetundikwa. Jina langu liko Jumamosi. Tena! Nimeusoma ubao nikiwa nimesimama, nikausoma nimeinamisha kichwa, bado liko palepale: Primus, wodi ya wanaume, asubuhi mpaka Sista Mkuu atakaposema basi. Sista Mkuu hajawahi kusema basi tangu ashuke melini.

Niandike mambo wazi, ili siku nikiwa Bwana Mganga watu wajue nilikotoka. Mimi ni mwanafunzi wa udresa, mwaka wa pili, hospitalini hapa Moshi mjini. Kazi huanza majogoo hawajakubaliana kama kumekucha. Nafunga vidonda, naosha wagonjwa, nachemsha sindano, namwaga vyombo ambavyo sitavitaja hapa. Jioni nafundishwa majina ya mifupa, wakati mifupa yangu mwenyewe inaomba kulala. Mshahara ni sabuni, mafuta ya taa na heshima. Heshima ndiyo kubwa kuliko vyote, ila dukani hawaipokei.

Lakini Jumamosi hii lazima niende Uru kumposa Flavia. Lazima! Baba yake Flavia amesema ameshanisubiri Jumamosi mbili, na mwanamume asiye na nafasi ya kuja kuposa hatakuwa na nafasi ya kulea. Nisipofika safari hii na mbege yangu, pombe ya ndizi ya posa, atampokea Ildefonce. Ildefonce ni karani wa ghala la kahawa. Jumamosi adhuhuri anafunga ghala, anapanda baiskeli yake yenye kengele, anakwenda kumsalimia mama yake Flavia. Kengele! Kwenye njia yenye kuku tu.

Na kuna jambo jingine. Meku Materu, babu yake Flavia, amelazwa kwetu. Alivunjika mguu kwa kuanguka mferejini. Wiki iliyopita wanawe walimletea kibuyu cha mbege chini ya blanketi. Sista Mkuu akakiona, akakimwaga kwenye karai mbele ya wodi nzima. Aliyeshika karai ni mimi. Tangu siku hiyo Meku hapokei dawa mkononi mwa Sista, anageukia ukutani, na baba yake Flavia akinitaja ananiita yule wa karai.

Baba mdogo Severini, aliyenilea, ameshaanza kupika mbege kwetu Rombo, kule Tarakea. Mbege ikishatiwa ulezi haina kesho.

Alawi, mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa mjini, amepewa mapumziko Jumamosi hiyohiyo. Dada yake Mwanaasha anaolewa. Nimemuuliza alitumia hila gani. Amesema aliomba. Aliomba tu! Simwamini, kuna kitu anaficha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeugua. Mpango ulikuwa hivi: leo homa, kesho nalegea, Ijumaa naonewa huruma, Jumamosi niko Uru nimepona. Nilikunywa uji unaochemka ili kipimajoto kipande. Kilipanda! Ulimi umebabuka. Sista Mkuu alikitazama kipimajoto, akanitazama mimi, akasema kwa joto hilo nilipaswa kuwa nimeshazikwa. Hata hivyo akanilaza. Nikajipongeza chini ya shuka.

Kisha akaja na mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha. Hakuja na kijiko, alikuja na upawa. Akasimama pale mpaka nikameza. Halafu akasema kwa kuwa kitanda changu kiko katikati ya wodi, niwaangalie wagonjwa wa kulia na wa kushoto. Nimefanya zamu nzima nikiwa mgonjwa! Nimeinuka kuwapa watu maji, na katikati ya hapo nimeinuka kwa ajili ya mafuta ya mbarika. Jioni nikatangaza nimepona kabisa.

Alawi amenishauri nikaombe ruhusa. Nimemwambia mtu mwenye akili haombi.

Jumatano, 6 Agosti

Sale! Sijui kwa nini sikuliwaza mapema. Kwetu mlimani mtu akikujia na jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani, kuomba radhi, humkatai. Hata kama alifyeka migomba yako. Ukimkataa, ubaya wote unahamia kwako. Basi nitampigia Sista Mkuu goti na jani la sale, nimwombe radhi ya ile homa. Radhi ikitoka, Jumamosi itafuata nyuma yake yenyewe.

Alawi, ambaye kwao hawana sale, ameuliza kwa nini nisiende bila jani nikasema shida yangu. Watu wa mjini wana moyo mzuri lakini hawana mbinu.

Saa ya chakula nilikimbilia Rau, nikachuma jani kwenye mpaka wa kihamba cha mama mmoja, shamba lake la migomba. Sale ya mpakani haiguswi, najua. Yule mama naye anajua, na ana mbio. Anaitwa Mektrida. Nimelijua jina kwa sababu alilitaja njia nzima akinifukuza, akisema Mektrida haibiwi mpaka wake akiwa hai. Jani ninalo. Kiatu changu kimoja anacho yeye.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui nicheke au nikimbie.

Asubuhi nilipiga goti mbele ya Sista Mkuu, jani mikono miwili, kichwa chini. Sijafungua mdomo, Sista akapiga makofi! Akasema tangu aje Tanganyika hajapata mwanafunzi wa kumletea ua. Akalinusa. Akalitia kwenye gilasi ya maji pamoja na waridi. Mimi bado niko chini. Akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Kabla sijajikusanya, akaibeba ile gilasi hadi wodini. Akapita kitanda kwa kitanda akimtafuta mgonjwa mwenye uso wa huzuni kuliko wote. Akaiweka, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya Meku Materu.

Wodi nzima ikageuza shingo. Hata wa kikohozi aliahirisha kukohoa. Watu wote wa mlimani waliona walichokiona: Mzungu amemletea Meku sale. Meku alilitazama jani. Machozi yakamtoka mzee wa watu. Akaushika mkono wa Sista, akasema kwa Kichagga kwamba amemsamehe ile mbege, na hana kinyongo tena.

Sista hajui Kichagga. Akanigeukia nitafsiri. Ningesema nini? Nikasema mzee anasema ua ni zuri. Sista akafurahi, akasema nimwambie atamletea jingine kila wiki. Nikamwambia Meku: anasema hatarudia tena. Meku akanywa dawa yake yote mkononi mwa Sista, akauliza kama kuna nyingine.

Nilikwenda kucheka stoo ya mablanketi. Kisha nikakumbuka kwamba sijapata Jumamosi, nikaacha kucheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Flavia alikuja saa ya kutazama wagonjwa, amemletea babu yake mtori wa ndizi. Alivyopendeza! Nilipaka iodini kwenye kidole kisicho na kidonda, cha mgonjwa asiyehusika.

Habari alizoleta si nzuri. Habari ya jani imefika Uru kabla ya wabeba habari wenyewe. Na sale haimaliziki kwa jani tu, waliogombana lazima wanywe pamoja. Basi kesho ukoo mzima unashuka kuja hospitalini na mbege, kunywa na Sista Mkuu. Nikauliza, na posa yangu? Akasema baba yake amesema amani ya mzee inatangulia, na siku yangu ya mwisho haijasogea, ni hiyohiyo Jumamosi. Jumapili Ildefonce anakaribishwa.

Nimepiga hesabu ya maafa. Kwanza, baba mdogo yuko kwenye lori na chungu chake, hawezi kupelekewa habari tena, na Uru atakuta nyumba tupu. Pili, Sista akiona mbege ataimwaga. Tatu, nani atashika karai? Mimi! Mara ya pili, mbele ya baba mkwe! Nampenda Flavia kuliko kitu chochote, na kesho nitampoteza kwa sababu ya karai.

Flavia aliuliza nani alimfundisha Mzungu mambo ya sale. Nikasema Wazungu wanasoma sana. Akaitazama miguu yangu, mmoja kwenye kiatu, mwingine kwenye ndara ya Alawi. Alitoka akicheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haraka.

Walikuja wote. Wazee, wake zao, watoto, na chungu kimefunikwa jani la mgomba. Sista Mkuu akatoka barazani, akanusa hewa, akageuka kunitazama. Nilijua anatafuta karai. Baba yake Flavia naye ananitazama. Sikuwa na hila iliyobaki hata moja. Nikamvuta Sista pembeni, nikamwambia yote kwa mkupuo: sale ni nini, jani lilikuwa langu, mimi ndiye niliyekuwa naomba radhi, Meku alidhani ni yeye Sista, na mimi nilitafsiri uongo kwenda na kurudi.

 Uso wa Sista ukawa mwekundu mpaka shingoni. Nikasema moyoni, Primus, rudi Tarakea ukalime.

Kumbe! Akasema kwa sauti ndogo kwamba wiki nzima amekuwa akimwonea huruma yule mzee, alijutia jinsi alivyomwaga kitu chake mbele za watu, na hakujua aombe radhi vipi. Akaenda moja kwa moja kwa Meku aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti. Akapokea kata kwa mikono miwili, akanywa. Akakunja uso. Akanywa tena! Wanawake wakapiga vigelegele hadi wagonjwa wa wodi ya pili wakauliza nani amejifungua.

Katikati ya kelele hizo akaingia baba mdogo Severini, jasho linamtoka, chungu kichwani kinavuja. Alifika Uru akamkuta mbwa, pamoja na Ildefonce aliyekuwa amekaa kizingitini na tai yake shingoni. Ndiye aliyemwelekeza huku. Chungu kilikuwa kimepata ufa kwenye lori. Baba yake Flavia akapiga kelele kwamba mbege inapotea, yule wa karai yuko wapi, alete karai! Nikalileta, nimelichemsha na kulikausha. Posa yangu ikamiminwa humo. Baba yake Flavia akachota, akaonja, akasema watu wa Rombo wanajua kupika. Meku akasema huyu kijana ananiosha kila siku bila kuninung'unikia, mnataka nini zaidi? Flavia akaulizwa kama wainywe. Akasema wainywe, tena wasibakize.

Nimekubaliwa! Mimi mwenyewe sikuonja hata tone, nilikuwa zamu. Flavia aliposema ndiyo nilikuwa nimeshika chombo cha mgonjwa wa kitanda cha mlangoni. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Baadaye Sista aliniuliza nilikuwa naomba radhi ili nipate nini. Nikasema Jumamosi, niende kuposa. Akashangaa. Akasema ungeomba, ningekupa.

Jumapili, 10 Agosti

Alawi amerudi na pilau ya arusi ambayo mama yake, Bi Mwantumu, amenifungia. Nimekula mpaka vifungo vikalalamika. Nimemsimulia yote. Ameridhika sana na maneno ya Sista kuhusu kuomba, ameyarudia kama mwalimu.

Arusi yetu imepangwa: Jumamosi ya pili ya Novemba. Nikaenda kuchungulia ofisini, maana Sista hupanga zamu mpaka Krismasi. Novemba, Jumamosi ya pili, wodi ya wanaume: Primus!

Alawi akanisukuma hadi mlangoni kwa Sista. Akasema sema neno moja tu, Sista leo ana furaha. Nikabisha hodi. Sista akafungua, akatabasamu, akaniuliza nina shida gani. Ilikuwa rahisi kabisa. Nikafungua mdomo.

Nikasema nina jino linaniuma.

Sijui lilitoka wapi! Nilikuwa nimeshapanga kichwani: jino lianze leo, lizidi Oktoba, Novemba nipewe mapumziko. Sista alinikalisha palepale, akaleta koleo. Jino lilikuwa zima, jeupe, halina kosa lolote. Sasa liko kwenye kisahani, na mimi nina shavu la boga. Zamu ya Novemba iko palepale.

Alawi amecheka hadi akakaa chini. Ameniambia kesho twende wote, yeye ataniombea. Nimekataa. Nimeshaona nilipokosea: jino ni dogo mno. Bibi yangu wa Tarakea ana afya njema na ananipenda sana. Nitamwandikia leo hii afe mwanzoni mwa Novemba, na asisahau kuja arusini.