Malalamiko Dhidi ya Taa Nyekundu ya Pampu

Kwa Mkwe Wangu Mheshimiwa, Fundi Umeme,

Yah: Taa nyekundu uliyoipachika juu ya mlango wa sebule yangu

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yangu, na kwamba hakuna waya uliokupiga shoti wiki hii. Sisi huku miili haijambo. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ulipokuja Jumamosi ile na mkoba wako wa vifaa nilikupokea kwa mikono miwili. Ukatoboa ukuta, nikanyamaza. Ukavuta waya kutoka kibanda cha pampu kule nyuma ya nyumba, ukaupitisha juu ya dari hadi sebuleni, nikakushikia ngazi. Nilidhani unatengeneza kengele. Kumbe unanichimbia shimo, na ngazi nimekushikia mwenyewe! Sasa kila pampu inapovuta maji kisimani taa inawaka, na ikiacha inazimika. Mheshimiwa, taa hiyo siitaki. Sababu zangu ni hizi.

1. Imeninyang'anya kazi. Unajua kwamba pampu ya nyumba hii huamka yenyewe tangi likishuka, na hulala tangi likijaa. Unajua pia kwamba imezama chini kabisa kisimani, hakuna anayeiona. Ndiyo maana tangu tuhamie hapa, kazi ya kujua kama imeamka au imelala ilikuwa yangu. Navaa kofia, natoka, nainama, naweka sikio kwenye bomba, nafumba macho. Kisha narudi sebuleni na taarifa. Wengine walisomea udaktari ili wasikilize vifua vya watu; mimi sikusomea popote, nilijaliwa tu. Leo mke wangu ananyanyua jicho moja kutoka kwenye ufumaji wake, anatazama juu ya mlango, keshajua. Jicho moja tu! Hata miwani havai.

2. Taa ni mbeya. Nikiingia kuoga tangi linashuka, pampu inaamka, na wote walioketi sebuleni wanajua najimwagia maji kiasi gani. Juzi shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuja kututembelea. Nilipotoka bafuni alinipongeza. Mtu mzima kama mimi, kupongezwa kwa kuoga!

3. Rangi. Hivi dukani ulikosa rangi nyingine? Jirani yetu, yule muuguzi mstaafu, alipoiona aliuliza kama humu ndani kuna mgonjwa anapasuliwa. Na fundi cherehani aliyekuja kupima mapazia aliikodolea macho, akapima mbiombio, akaondoka bila kuaga vizuri. Mapazia yamekuja mafupi. Ukija utaona, yanaishia katikati ya dirisha kama kaptura.

4. Tunakokwenda. Nyinyi mafundi nawajua, hamwanzi kitu mkaishia hapo. Kesho utaleta taa ya sufuria, iwake chakula kikiungua. Keshokutwa ya kuku, iwake akitaga. Mwishowe mtanipachika mimi taa kwenye paji la uso, ili nikifumba macho kitini mjue natafakari au nakoroma. Nilipomwambia mke wangu hivi, kwa mzaha tu, alisimamisha sindano zake na kuuliza taa hizo zinauzwa wapi.

5. Najua utanitajia ile pampu ya kwanza iliyoungua. Binti yangu hachoki kunikumbusha. Naomba lieleweke: siku ile niliisikiliza kwa utulivu wote, nikaikuta imelala fofofo. Kama pampu iliamua kuungua ikiwa usingizini, hayo ni ya kiwanda na pampu yake. Sikio langu halihusiki hata kidogo.

6. Hili la mwisho nilitaka kulimeza, limekataa kushuka. Mke wangu haniiti tena. Zamani siku ilikuwa haipiti bila kuniita kutoka jikoni, nami naitika, ananituma nikasikilize pampu, nikirudi nakuta chai yangu imefunikwa kisosi. Nilikuwa nanung'unika, sikatai, lakini nilinung'unika kwa raha, kama mtu anayejua anahitajika. Siku hizi nakaa kitini, kofia mapajani, nasubiri. Kimya. Anapita, ananitazama kidogo, anakwenda kufanya mwenyewe. Mkwe, inauma. Wewe bado kijana, unaitwa kutwa kucha hadi unazima simu. Ngoja uanze kutoitwa.

Kwa hayo yote naomba uje uing'oe. Na kama fundi umekwisha kuipenda kazi ya mikono yako, basi uihamishie ndani ya kibanda cha pampu, iangalie ukutani, ili mtu mmoja tu awe anakwenda kuichungulia na kurudi kutangaza. Mtu huyo ni nani tunaweza kujadiliana, ingawa sioni haja ya mjadala.

Nisalimie sana binti yangu. Nisalimie wazazi wako wote wawili, hasa mama yako, ambaye katika ukwe wetu wote hajawahi kunitobolea ukuta. Wasalimu na wenzako wa karakana, na uwaambie kwangu wasije na drili.

Ni mimi, mwenye masikio yake,
Baba mkwe wako

Baada ya sahihi: Kabla ya kuifunga barua hii niliona nimthibitishie mke wangu kwamba siongei tu. Niliifunika taa kwa kipande cha boksi, nikavaa kofia, nikaenda kusikiliza. Kimya kabisa. Nikarudi nikatangaza kwamba pampu imelala. Akaridhika, akaenda zake dukani. Nikiwa nimejikalia nikashtukia muuguzi mstaafu amesimama mbele yangu katikati ya sebule, viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini. Boya la tangi, lile linaloilaza pampu maji yakijaa, lilikuwa limekwama na maji yamefurika hadi uani kwake. Anasema alibisha hodi mpaka mkono ukamchoka, ndipo akaingia.

Mke wangu akatokea nyuma yake na mfuko wa sukari. Hakunisuta. Alinishika mkono, akanipeleka nje, akakiweka kiganja changu juu ya bomba. Lilikuwa linatetemeka. Nikainamisha sikio pale pale, sikusikia kitu. Yeye akaenda kuzima swichi.

Basi taa ibaki. Ukija njoo na nyingine ya mlangoni, iwake mtu akibisha. Na kama ipo ndogo ya kuweka karibu na kiti changu, yenye kitufe cha kubonyeza kule jikoni, ilete pia. Hiyo ameagiza mke wangu. Anasema hajaacha kuniita hata siku moja.