Karatasi Moja kwa Kila Mmoja

Kwa heshima ya cheo nilichonacho hadi itakapoamuliwa vinginevyo, natangaza kwamba chuo chetu cha uuguzi ndicho cha kwanza kufuta kabisa ubaguzi wa vitabu. Wapiga domo waseme watakavyo. Takwimu ninazo.

Tatizo lilikuwa hili. Maktaba ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu kikubwa cha dawa na dozi, na wanafunzi walikuwa mia mbili na sita. Kila asubuhi foleni ilianzia kaunta ikaishia chooni. Mkutubi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akaniletea barua ya kuomba nakala thelathini. Nikamwambia aache ushamba. Kununua vitabu ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifikiria. Mkurugenzi hakuwekwa hapa kufikiria mambo ya mtu yeyote.

Nikaunda Kamati ya Usawa wa Rasilimali za Kujisomea, nikawa mwenyekiti, katibu na wajumbe. Katika kikao cha kwanza niligundua kwamba kitabu kina kurasa mia nne kumi na mbili, yaani karatasi mia mbili na sita. Jamani! Karatasi moja kwa kila mwanafunzi, bila kubaki hata moja. Nikaagiza wembe na rula.

"Bosi, kitabu hakikatwi kama keki," mkutubi alisema, amekikumbatia kifuani.

"Mama, kwani wewe unapinga usawa?"

"Napinga wembe."

Nikamhamishia stoo akahesabu viti.

Mgao ulifanyika kwa amani. Aliyepata faharasa alilia siku nzima, ati yeye ndiye anayejua kila kitu kiko ukurasa gani, na hana chochote. Watu hawaridhiki! Kisha nikatoa kanuni mbili. Ni marufuku kuazimana karatasi, maana mwenye kuazima anakuwa na mbili, na hapo usawa umeshakwenda na maji. Na ni marufuku kusoma kwa sauti, maana sauti haina adabu, inaingia kwa asiyehusika.

Wa kwanza kukiuka alikuwa binti wa mwaka wa tatu, tuliyezoea kumwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo. Alimwazima mwenzake karatasi kwa saa moja. Nikamsimamisha masomo. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Jumatatu iliyofuata, na akiukosa, miaka mitatu yote imekwenda bure. Akawa anakuja kila siku, anakaa juu ya jiwe nje ya geti, karatasi yake kwenye mfuko wa nailoni, akingoja nimsikilize.

"Mzee, mwenzangu alikuwa anaingia wodini hajui dozi," aliniambia kupitia dirisha la gari. "Angempa mgonjwa nini?"

"Angempa kilichoandikwa kwenye karatasi yake," nikamjibu, nikapandisha kioo.

Ijumaa Bodi ikaja kujionea mafanikio. Meza ilipambwa maua halisi, kwa amri yangu. Nilikuwa nimefika kwenye neno "kihistoria" nyuki alipotoka kwenye maua akanichoma shingoni. Nikaendelea na hotuba, kiongozi hakatizwi na mdudu. Dakika tatu baadaye midomo imevimba, pumzi inapita kwa shida, ulimi umejaa mdomo mzima. Niseme kweli, niliogopa. Niliogopa sana.

Daktari wa chuo alikuwa semina ya usawa, nilikompeleka mwenyewe. Wanafunzi wakanibeba hadi zahanati. Sindano ipo, dawa ipo.

"Dozi yake?"

"Mimi sina. Mimi ni minyoo."

"Mimi kikohozi, tena cha watoto."

"Faharasa! Faharasa yuko wapi?"

Akaletwa mbio, akapitisha kidole. "Mzio mkali, ukurasa wa mia tatu na tisa."

Mtu akasema, "Hiyo si ya Chiriku?"

Wakanisukuma hadi getini kwa kiti cha magurudumu, Bodi nyuma. Mlinzi akasimama wima. "Haingii mtu huyo. Barua ya Mkurugenzi hii hapa, na muhuri." Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempongeza kwa utii.

Chiriku alikwisha kuitoa karatasi. Alinitazama kupitia nondo. "Mzee, kusoma kwa sauti ni marufuku. Naruhusiwa?"

Nilijaribu kusema kwamba kamati italijadili. Ikatoka "mmmh". Machozi yakanitoka, nikaitikia kwa kichwa, mbele ya Bodi nzima.

Akasoma. Alisoma kwa sauti ya kusikika hadi barabara ya pili: dalili, dozi, mahali pa kuchoma. Sindano ikaingia pajani. Nilipoanza kupumua, nikasikia sauti nyingine dirishani inasoma karatasi iliyofuata, kisha nyingine, mpaka chuo kizima kikawa kinasomeana kitabu, na kalamu zinakimbia. Mkutubi alitoka stoo na kiti kimoja kati ya vile alivyovihesabu, akaketi, akaandika. Nilitaka kupinga utaratibu huo, ila ulimi bado.

Jumatatu Chiriku alifanya mtihani wake. Mimi nimesimamishwa kupisha uchunguzi. Siruhusiwi kuingia, ndiyo maana taarifa hii naiandikia nje ya geti, juu ya jiwe. Jana mkutubi, ambaye siku hizi anakaimu ofisi yangu, aliniletea tuhuma zangu ili niandae utetezi. Zina karatasi kumi na mbili. Nilipewa moja, inaanzia katikati ya sentensi.

"Mama, na nyingine?"

"Wajumbe wa Bodi wanazo, kila mmoja ya kwake. Usawa, Bosi."

"Basi waambie waniazime hata..."

Alinitazama kwa huruma kabisa, mama wa watu, akarekebisha miwani yake.

"Kuazima?" akasema. "Tena wewe?"