Nyongeza ya Bure na Rimoti ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Nimeshtuka. Bosi amekubali kuja kwangu Jumamosi kutazama fainali! Niliropoka tu dukani, nikichanganya rangi ya kijivu ya mteja, kwamba kwangu mpira unaonekana hadi jasho la kipa. Bosi akauliza ni saa ngapi. Nusura ndoo inidondoke.

Hii si fainali tu. Duka letu la rangi linafungua tawi jipya mwezi ujao, na tawi halina msimamizi. Tunaolitaka ni wawili, mimi na Masharti. Masharti ni mwenzangu wa kaunta, na kwa bahati mbaya ni jirani yangu pia, mlango unatazama mlango. Tulimwita hivyo kwa sababu husoma masharti ya kila kitu, hata ya kiberiti. Ila Bosi akikaa kwenye kochi langu mechi nzima, tawi ni langu. Nani amnyime cheo mtu aliyeshangilia naye bao?

Tatizo dogo. Kwangu mpira hauonekani.

Tunalipia runinga ya mtandaoni, kifurushi cha kawaida. Mpira ni nyongeza, unanunuliwa kando. Na akaunti iko kwa jina la mke wangu.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimemwomba mke wangu aongeze mpira. Amekataa kabla sijamaliza kumsifia kilemba. Mke wangu ni mkunga. Kelele na machozi havimtikisi. Sheria yake ni nyongeza moja tu kwa wakati mmoja, na iliyopo sasa ni ya tamthilia, kwa ajili ya mama yake, aliye kwetu tangu afanyiwe upasuaji wa goti. Halafu akanikumbusha ile chaneli ya uvuvi. Nilijiunga kujaribu bure, nikasahau kujitoa, tukailipia karibu mwaka mzima. Sijawahi kushika ndoano.

Akasema nikitaka mpira, nikamwombe mama aiache tamthilia kwa muda. Nimwombe mama mkwe! Tena wiki hii, bibi harusi anapokaribia kugundua kwamba bwana harusi ana pacha! Mkwe haombwi vitu kama hivyo.

Nikaamua kubahatisha namba ya siri ya manunuzi. Nilianza na tarehe ya ndoa yetu. Siyo. Imeniuma. Nikajaribu siku yangu ya kuzaliwa. Siyo. Nikajaribu ya mama yake. Runinga ikafunga manunuzi. Mara simu ikalia. Mke wangu, kutoka wodini, anauliza kwa upole namba ya nne itakuwa ipi. Kumbe kila nilipokosea, runinga ilikuwa inamtumia ujumbe! Nimeishi na msaliti ukutani miaka yote hii.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Leo Masharti kamwambia Bosi kwamba ameongeza mpira kwake. Ameuchukua kwenye duka rasmi lililomo ndani ya runinga yenyewe, akasoma kila mstari, akafunga manunuzi kwa namba ya siri, na akaweka kengele kwenye simu ya kumkumbusha siku ya kujitoa. Bosi alitikisa kichwa kwa heshima. Tangu lini mtu akasifiwa kwa kengele?

Mchana nikaenda kwa Fundi Njia Fupi, anayetengeneza simu kwenye kibanda kando ya fundi cherehani. Ana tangazo kubwa la kubadilisha vioo, na kioo cha kibanda chake kina ufa kutoka juu hadi chini. Akanieleza kwamba maduka rasmi ni ya waoga. Yeye ana nyongeza yenye mpira wote wa dunia, bure kabisa. Nikamuuliza yeye anapata nini. Akasema anapata furaha yangu. Nilijisikia vizuri sana.

Jioni nikafungua linki yake kwenye simu, iliyounganishwa na runinga. Kwanza ilitaka runinga iruhusu programu za nje. Runinga ikaonya kwa maandishi mekundu kwamba aliyeitengeneza programu hii hajulikani. Mimi namjua, ana kibanda. Ikataka majina yote yaliyomo kwenye simu yangu. Nikakubali. Ikataka kujua nyumba yetu ilipo. Nikakubali. Ikataka kutuma ujumbe kwa niaba yangu. Hapo nilifurahi, maana tangu nianze kazi natamani kuwa na katibu.

Mpira umeonekana! Hadi jasho la kipa.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Nyongeza hii ina mdomo. Kila baada ya muda kinatokea kisanduku cha maneno. Karibu! Ungependa hiki? Ungependa kile? Mimi nakifunga. Mama mkwe hafungi. Nimemkuta na rimoti mapajani, anakubali kila kitu. Runinga sasa ina utabiri wa nyota, mazoezi ya tumbo na mnada wa ng'ombe.

Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwa adabu, nikamweleza kwa kuzunguka sana kwamba si lazima kukubali. Alinitazama kama mtu aliyekosa malezi. Akasema mtu akikukaribisha hukatai. Hata kama umeshiba, unaonja. Yeye ni mgeni hapa, na hawezi kunitia aibu mbele ya runinga yangu mwenyewe.

Ningefanya nini? Nimpokonye mkwe rimoti? Nikasema asante mama, nikaenda kukaa jikoni.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nimenunua soda na karanga. Bosi kaninong'oneza kwamba amemdanganya mkewe kuwa kesho atashinda ghalani akihesabu makopo. Mimi tu ndiye ninayejua ukweli. Mtu akishirikishwa siri na bosi wake, cheo kimebaki kutangazwa.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Mke wangu alikuwa kazini. Bosi alifika mapema, akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi. Mama mkwe alikaa upande wa pili na rimoti yake. Mpira ukaanza, picha safi kabisa. Bosi akaniita ndugu yangu. Ndugu yangu! Nikaenda jikoni kufungua soda huku nachagua rangi ya ofisi yangu mpya.

Kisanduku kilitokea wakati huo. Mama mkwe kanieleza baadaye, bila majuto yoyote. Kiliuliza kama angependa kuwaalika marafiki wote waje kutazama. Aliona swali lenyewe la ajabu. Nani anapenda kula peke yake? Akabonyeza ndiyo.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya fundi bomba. Wakafuata dereva wa lori letu na wenzake. Akaja mteja wa rangi ya kijivu, na kifuniko cha kopo mkononi, kunionyesha kwamba imekauka ikawa ya zambarau. Akaja daktari wa meno na mama yake. Wote walikuwa na ujumbe kutoka kwangu, pamoja na ramani: karibu kwangu fainali, njoo na wenzako. Katibu wangu hakumsahau mtu.

Kisha akaingia mke wa Bosi.

Namba yake ninayo kwa sababu aliwahi kuagiza rangi ya jikoni. Alisimama mlangoni akamtazama mumewe, aliyekuwa na karanga shavuni. Akauliza makopo yamefika mangapi. Sijawahi kuona mtu akimeza karanga kwa shida vile.

Wakati huo huo mwamuzi akatoa penalti, na picha ikakatika. Yakaja mazoezi ya tumbo. Watu wamejaa hadi dirishani, wanamtazama bwana mmoja akiinua magoti. Mama mkwe akashauri tuyafanye, kwa kuwa tumekaribishwa.

Shangwe ikalipuka ng'ambo, kwa Masharti. Bao! Watu wakainuka wote kwenda huko. Bosi alitangulia, viatu mkononi, mkewe nyuma yake. Mama wa daktari wa meno aliondoka na bakuli la karanga.

Jioni mke wangu akaiondoa nyongeza, akairudisha runinga ilivyotoka kiwandani, akabadilisha maneno yote ya siri, na akanikalisha niwaombe radhi watu wote kwenye simu, mmoja mmoja. Hakupandisha sauti hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Tawi amepewa Masharti. Bosi alisema anahitaji mtu anayejua anachokikubali. Mimi nimepelekwa ghalani kuhesabu makopo, kwa kuwa mke wake ameomba kuiona hesabu. Nimehesabu siku nzima. Na ile ofisi mpya nilishaichagulia hadi kiti.

Jumanne, tarehe 12 Mei

Mke wangu kanionea huruma. Amenipa namba mpya ya siri, ya dharura tu, akisema ndoa ni kuaminiana. Ni tarehe ya ndoa yetu. Kidogo nilie.

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa langu. Masharti angefunga madirisha, lile bao lisingesikika kwangu.

Mchana Fundi Njia Fupi kanipigia, amesikitika kweli. Anahofu kwamba mabaki ya ile nyongeza bado yamo kwenye simu. Kwa bahati nzuri anayo nyongeza nyingine, ya kusaka nyongeza mbaya. Bure. Nimeifungua sasa hivi. Inataka majina yote, nyumba ilipo, kutuma ujumbe, na namba ya siri. Maandishi mekundu yametokea tena. Nikasita kidogo, nikiikumbuka sauti ya mke wangu.

Ikasema karibu. Na mtu akikukaribisha hukatai, kwa hiyo nikabonyeza ndiyo.

Kuna mtu anabisha hodi. Ni daktari wa meno. Amekuja na mama yake.