Mteremko wa Riat Unaningoja

Jumatatu, 12 Agosti
Habari mbaya. Kocha Zipporah ametangaza kuwa nafasi ya mwisho ya kwenda mashindano ya Rwanda ni kati yangu na Yasin. Atatupima Jumapili, kutoka Lurambi hadi Kisumu. Wenzetu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Kufika Kisumu lazima ushuke Riat! Kupanda sina mpinzani, hata Yasin anakubali. Kushuka ndiko balaa. Tangu nianguke mwezi wa Juni nikitoka Isecheno, nikiona barabara inainama, nashika breki. Hakuna anayejua. Mwendesha baiskeli wa kulipwa, miaka ishirini na miwili, anaogopa kushuka! Yasin, kijana wa Mumias, hushuka huku akipiga mluzi. Simpendi.

Jumatano, 14 Agosti
Mpango wa kwanza: kujizoeza kushuka nyuma ya trekta la miwa, maana hilo haliendi mbio. Nikalipata barabara ya Mumias, nikajibanza nyuma ya trela, tukaanza kuteremka polepole. Raha! Nilisahau kwamba huku kwetu mtu wa baiskeli nyuma ya trela ana kazi moja tu, kuchomoa miwa. Trekta likasimama. Msaidizi wa dereva akaruka chini, muwa mkononi. Nikatoroka kuelekea bondeni, nimebana breki zote mbili. Akanifikia kwa miguu, tena amevaa gambuti! Mgongo unauma. Kocha nimemwambia niliteleza bafuni.

Ijumaa, 16 Agosti
Siku mbili sijala vizuri. Nikifumba macho naiona Riat. Lakini mpango wa pili hauna kasoro. Nitamwacha Yasin mlimani, nifike kileleni peke yangu, nitoboe tairi kwa msumari kabla ya mteremko. Gari la timu litakuwa mbali nyuma. Kocha atasema ni bahati mbaya tu, na atanichagua. Pancha haina aibu. Msumari nimeuficha kwenye soksi.

Jumapili, 18 Agosti
Nilipanda kama mtu anayefukuzwa. Kileleni, peke yangu. Nikatoboa tairi la mbele, nikakaa kando ya barabara, nikavaa uso wa huzuni. Kumbe nilisahau desturi ya kazi yetu: anayeongoza akipata pancha, mwenzake wa timu humpa gurudumu lake. Sijawahi kupata pancha nikiongoza, ningekumbuka vipi? Yasin akafika, akashuka, akaanza kufungua la kwake bila kuulizwa. Nikamsihi asijisumbue, aende tu. Akatikisa kichwa.

"Chukua, Osiako. Si ndiyo tunafanyanga hivi?"

Nilitaka kulia. Nikaanza kushuka, roho mkononi. Raba za breki zikanuka moshi. Bodaboda yenye kreti tatu za soda ikanipita. Mama aliyebeba kuku akaniambia pole. Katikati nikashindwa, nikashuka kwenye baiskeli, nikawa naisukuma kwa miguu. Ndipo gari la timu likafika, Yasin ndani, gurudumu langu mapajani. Kocha akauliza kuna nini. Nikasema breki zimekufa. Akazibana, akasukuma baiskeli. Haikusogea hata kidogo. Yasin akatazama pembeni. Kocha akasema taratibu kwamba kama naogopa kushuka, nimwambie tu, atanifundisha. Nikaapa siogopi kitu chochote duniani.

Jumatatu, 19 Agosti
Yasin anaenda Rwanda. Kocha alisema mbele ya wote kwamba aliyetoa gurudumu lake ndiye anayejua kazi. Iliniuma, maana ni kweli. Halafu akaniita kando. Mwezi ujao kuna mashindano Uganda, na nafasi ni yangu, ila kwa sharti moja.

"Niambie ukweli. Unaogopa nini?"

Alikuwa mpole kuliko mama. Neno likafika mpaka kwenye ulimi. Nikaona haya. Nikasema mbwa. Eti mbwa walinitokea pale Riat, ndiyo maana nilishuka kwenye baiskeli.

Amenihurumia sana. Kesho asubuhi ananipeleka kwa kaka yake Simiyu, mwenye mbwa wanne wakali, nishinde nao mpaka niwazoee. Mbwa pia nawaogopa. Lakini nimeshapata mpango.