Mkwe Mpiga Mluzi

Tangu aanze kazi ya unyozi, Spika hajawahi kushindwa mabishano hata siku moja! Si ya mpira, si ya siasa, si ya ndoa za watu. Atashindwaje? Kila anayebishana naye amekaa kitini, kafungwa kitambaa shingoni, na wembe uko jirani na koo lake. Katika hali hiyo hata profesa atakubali kwamba jua huchomoza magharibi.

Jina la Spika alipewa na wateja. Mwenyewe anaamini wamempa kwa heshima, kama Spika wa bunge. Wateja walikuwa na maana ya spika ya redio, ile inayopiga kelele mchana kutwa na haina sikio hata moja.

Kitu kingine anachojivunia ni sharubu zake. Hizo si sharubu, ni mradi! Hupakwa mafuta asubuhi, huchanwa adhuhuri, na ncha zake zimepinda juu kama usukani wa baiskeli. Mlangoni kwake hakuna kibao cha biashara. Yeye husimama tu pale nje dakika mbili, na watu wanajua kinyozi amefungua.

Alhamisi hiyo kitini alikuwa amekaa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza magodoro ambaye mtaa mzima humwita Godoro. Godoro ana upara unaong'aa kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, lakini kila wiki anakuja kunyolewa. Kumnyoa nini hakuna ajuaye. Anachofuata hasa ni kumkumbusha Spika kwamba binti yake yeye ameshaolewa.

"Jana mkwe wangu kanipigia simu," Godoro alianza hata kabla hajafungwa kitambaa. "Kaniuliza mgongo unaendeleaje. Wako yeye huwa anapiga saa ngapi? Aa, samahani shemeji! Nilisahau. Wewe huna."

Hapo ndipo panapomuuma Spika. Binti yake wa pekee, fundi wa lifti anayeishi mji mwingine, Jumamosi hiyo alikuwa anatimiza miaka thelathini na mitatu, na angekuja nyumbani kula chakula cha jioni. Kila mwaka huja. Na kila mwaka huja peke yake, na mfuko wa vifaa begani.

Spika akaichukua simu ya Godoro kutoka mapajani mwa Godoro, bila kuomba, akapiga.

"Haloo, nani mwenzangu?" akajibu binti. Ndivyo ajibuvyo siku zote, kwa maana baba yake hajawahi kumpigia kwa namba ile ile mara mbili.

"Mimi baba yako! Jumamosi unakuja?"

"Nakuja, baba. Tena nina jambo zuri la kukwambia. Baba, nisikilize kwanza..."

"Unakuja peke yako?"

"Hapana, nakuja naye. Siwezi kumwacha, atanuna. Si nilikwambia, baba? Yule ka..."

Hapo hapo Spika akawasha mashine ya kunyolea. Mteja asionekane amesahauliwa, hiyo ndiyo kanuni ya kazi. Nguuuu! Na katikati ya mngurumo ule, maneno ya binti yakawa yanamfikia kwa vipande.

"...alikuwa wa mwenye nyumba... mwezi wa nne sasa naishi naye... wa kijivu... anapiga mluzi huyo!... kila ninachosema anakubali kukirudia, habishi..."

"Naishi naye?" Siku nyingine Spika angepandisha mori. Lakini baba wa binti wa miaka thelathini na mitatu hana mori wa kupoteza. Tena mtoto wa mwenye nyumba! Anavaa suti ya kijivu! Anapiga mluzi, maana yake hana shida moyoni!

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Nimeshasikia! Mengine mezani!" Akakata simu, akasimama katikati ya duka kama mtu aliyeapishwa.

"Umesikia hiyo, Godoro? Mwenye nyumba! Na habishi!"

"Mume asiyebisha?" Godoro aliuliza kutoka chini ya kitambaa. "Duniani hapa hapa?"

"Jumamosi njoo umwone kwa macho yako! Asipokuja na mkwe, sharubu hizi zinyolewe pale pale mezani, kuku akishuhudia!"

Wateja wawili waliokuwa benchini wakapiga makofi. Godoro hakupiga. Alizitazama zile sharubu taratibu, kutoka ncha hadi ncha, kama anayepima godoro.

Nyumbani, mkewe alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza.

"Anaitwa nani huyo mkwe?" aliuliza.

"Jina halina haraka."

"Anafanya kazi gani?"

"Mtoto wa mwenye nyumba afanye kazi gani? Kazi yake ni kuwa na nyumba!"

"Ulimsikiliza mtoto mpaka mwisho?"

"Mke wangu, mimi mwisho wa maneno huwa naujua hata hayajaanza."

Mkewe akaweka pasi chini. Akaingia jikoni, akafunga mlango, akapiga simu. Alipotoka alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga, mabega yakimtikisika. Spika akamhurumia. Mama wa watu, furaha imemzidi!

Jumamosi jioni sebule ilikuwa imepambwa. Spika alikuwa na tai ya kuazima, na kile kiti chake chenye mikono, ambacho hata mkewe hakalii, amekiweka mbele ya meza kwa ajili ya mkwe. Hotuba ilikuwa tayari kichwani. Keki ilikuwa mezani, na kuku kando yake. Godoro alifika mapema kuliko siku zote za maisha yake, akakaa mahali ambapo angeona mlango na sharubu kwa pamoja.

Binti akaingia. Mkono mmoja ameshika mfuko wa vifaa, mkono wa pili amebeba kitu kikubwa cha mviringo, kimefunikwa shuka.

Spika akambusu paji la uso huku macho yake yakipita juu ya bega lake hadi barabarani. "Yuko wapi?"

"Yupo, baba. Safari imemchosha, amelala. Mwache kwanza azoee nyumba. Akishtuka anang'ata."

Spika akacheka kicheko cha mtu mzima mwenye kuelewa. Bwana harusi mwenye haya, atakuwa amejibanza kwenye gari! Akaipokea ile zawadi kubwa ya mviringo, akaiweka juu ya stuli karibu na dirisha, akajisafisha koo.

"Baba," alisema binti, "kabla ya yote, nisikilize kwanza..."

"Leo siku yako, mama! Wewe kaa. Maneno niachie mimi!"

Mkewe akainamia sahani. Mabega yalikuwa yameanza tena kutikisika.

"Khe-khem! Ndugu zangu," Spika aliunguruma, ingawa ndugu wenyewe walikuwa watatu. "Watu walisema binti yangu ameolewa na lifti! Walisema atapanda na kushuka mpaka azeeke! Sitawataja, maana mmoja wao ameshajipakulia paja la kuku. Leo naufungua mlango huu, na anayeingia ni mkwe! Mrithi wa majumba! Mwanamume asiyebisha! Mkwe wangu, karibu ndani!"

Akaufungua mlango kwa mikono miwili.

Nje alikuwepo paka. Paka akamtazama Spika, akaitazama tai, akaenda zake.

Ndipo ulipotoka mluzi. Mluzi mrefu, mzuri, wenye madaha. Lakini haukutoka nje. Ulitoka kwenye stuli, chini ya shuka, na nyuma yake ikafuata sauti:

"Haloo! Nani mwenzangu?"

Binti akavuta shuka. Ndani ya tundu la waya alikuwa amekaa kasuku. Wa kijivu, kutoka kichwani mpaka kwenye mabawa, na mkia mwekundu.

"Mwenye nyumba wangu alihama akaniachia," alisema binti kwa upole. "Nilikwambia Alhamisi, baba. Na wiki ya nyuma yake. Na mwezi uliopita."

Godoro alitoa sauti kama godoro linalokaliwa na watu wanne. Alicheka mpaka paja la kuku likamponyoka.

Lakini Spika ni Spika! "Msicheke!" alisema, akifunga mlango kwa heshima iliyobaki. "Hata huyu ni mgeni. Ndege ni kitu gani? Ndege anajua nini?"

Kwa bahati mbaya ndege alikuwa anajua mengi. Binti wa Spika ni mtu wa mikono. Hata nyumbani hakosi swichi ya kufungua au nyaya za kuunganisha, kwa hiyo baba akipiga simu, humweka Spika kwenye spika na kuendelea na kazi. Miezi minne kasuku alikuwa amekaa kwenye kijiti chake akimsikiliza mzee wa watu neno kwa neno. Labda ndiye msikilizaji makini zaidi ambaye Spika amewahi kumpata.

"Khe-khem!" alianza kasuku, na sauti ilikuwa ya Spika mwenyewe, na mafua yake yote. "Mjomba wako! Kile kichwa nanyoa nini? Nakipangusa tu kama meza! Namwambia umependeza!"

Godoro aliacha kucheka. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kwenye upara, ukabaki pale.

"Ndege muongo huyo!" alisema Spika.

"Kuku wa mama yako!" aliendelea kasuku, amechangamka sasa. "Ukimtupa ukutani, ukuta unaomba radhi!"

Mama mwenye kuku akanyanyua uso polepole. Macho hayakuwa na machozi tena. Akalivuta sinia la kuku kutoka mbele ya mumewe, akalisogeza hadi mwisho wa meza.

"Mke wangu, ilikuwa mithali tu ya..."

Kasuku akatikisa mabawa. Safari hii hakutumia sauti ya Spika. Alitumia sauti ya binti, ile ya jioni baada ya kazi, imechoka kidogo.

"Baba, nisikilize kwanza. Baba, nisikilize kwanza. Baba... haya basi. Usiku mwema, baba."

Kasuku akairudia yote toka mwanzo, na tena, kama anavyoirudia mtu anayeijua kwa moyo. Binti akageuka upande wa dirisha, akijifanya anafunga kijimlango cha tundu ambacho kilikuwa kimefungwa. Spika alihisi aibu ikimpanda kutoka kwenye soksi. Akafungua mdomo. Na ajabu ya mwaka, mdomo ulikuwa mtupu!

Aliyeokoa jahazi ni Godoro, japo si kwa nia njema.

"Sharubu," alisema, bado ameshika upara.

"Shemeji, tulikuwa tunataniana..."

"Mbele ya mashahidi wawili. Kuku akishuhudia. Kuku yule pale."

"Mashine hii hapa," alisema mkewe. Aliitoa chini ya meza, imeshachajiwa. Tangu Alhamisi!

Spika akamtazama binti yake akitafuta huruma. Binti alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi.

"Nimekuja mwenyewe kupokea zawadi yangu ya kuzaliwa," alisema. "Kaa, baba."

Akakaa. Kwenye kiti cha mkwe! Wakamfunga kitambaa cha meza shingoni. Mashine ikanguruma chini ya pua yake, na hapo Spika akakumbuka jambo analowaambia wateja kila siku: ukinyolewa juu ya mdomo, usiseme hata herufi, la sivyo utakatwa.

Binti alikuwa analijua hilo. Alilelewa kwenye duka lile.

"Sasa, baba, nisikilize kwanza," alisema, akianza na ncha ya kushoto, bila haraka yoyote. "Nimefanywa mkuu wa mafundi. Jengo zima, lifti sita, mafundi wanane, wote wanaume. Siku ya kwanza walinipa ufunguo mbovu ili wanicheke."

"Mm!" alisema Spika.

"Tulia. Siku hiyo hiyo lifti ikakwama na mkurugenzi ndani, kati ya ghorofa ya nane na ya tisa. Wale wanane wakaanza kubishana nani mwenye kosa. Mimi nikapanda hadi chumba cha mtambo, nikakata umeme, nikaachia breki, nikamshusha kwa mkono, taratibu, mpaka mlango wa ghorofa ya nane. Wakati namshusha nilikuwa natetemeka. Nilitaka kukupigia usiku ule ule. Nikakupigia kwa simu ya mama. Ukanieleza habari za mkwe wa mjomba."

"Mm," alisema Spika, mara hii kwa sauti ndogo. Chozi lilimtoka, likateremka, likakuta njia nyeupe pale ambapo sharubu ya kushoto ilikuwa imekaa miaka yote. Alitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie: mkuu wa mafundi! Lifti sita! Lakini mashine ilikuwa bado upande wa kulia, na kwa mara ya kwanza maishani alisikia habari kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Na mume," alimalizia binti, "siku nikimpata nitakupigia. Ukipokea, unyamaze."

Akazima mashine. Akampangusa baba yake mdomo kwa kitambaa, kama mtu anayepangusa meza, na Godoro akaona kwamba hapo haki imetendeka. Mkewe alimtazama mumewe, akamtazama tena, akamrudishia sinia la kuku kwa huruma.

"Umependeza!" alisema Godoro.

Spika akasimama. Uso ulikuwa na baridi na ulijisikia mdogo, lakini moyo ulikuwa umejaa, na hotuba mpya ilikuwa inamchemka kifuani. Hii ingekuwa kubwa kuliko zote! Kwanza ingemhusu binti yake. Akajisafisha koo, akatanua mikono, akageukia meza.

Kasuku akasogea hadi kwenye waya, akainamisha kichwa, akauchunguza ule uso mtupu kwa jicho la kulia, kisha kwa jicho la kushoto.

"Haloo!" akasema. "Nani mwenzangu?"

Spika akakaa.