Meza ya Kazi na Mgongo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, amekalia stuli niliyoiunda mwenyewe. Ikayumba. Akaipindua, akaitazama kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa. Kwa upole akasema kosa si langu, ni kwamba sina meza ya kazi. Ubao haupigwi randa mapajani. Yeye ni seremala, basi akajitolea kuniundia. Kuniundia mimi! Nimekataa. Nitaiunda mwenyewe, na Jumamosi aje aione.

Jumanne, 4 Machi
Mchoro tayari. Futi sita kwa tatu na nusu. Miguu ninayo, mbao nene za banda la kuku lililoanguka. Uso wa meza sina. Nimezunguka nyumba nzima hadi chumba cha wageni, nikafunua godoro. Chaga kumi na sita, mbao ngumu, zimenyooka, zinakula vumbi tu. Mgeni wa mwisho kulala humo alikuja mwaka juzi. Mke wangu yuko kazini. Nimezing'oa zote, nikapanga maboksi mahali pake, godoro juu, shuka juu. Huwezi kujua.

Alhamisi, 6 Machi
Imekamilika. Gundi, skrubu, kila kitu. Nimepanda juu nikaruka mara tatu. Kimya. Mke wangu kauliza mbao nimepata wapi. Nikasema ni za akiba, na si uongo. Kisha akaniarifu kwamba mama yake anakuja kesho. Mgongo unamsumbua, Jumatatu ataonana na daktari. Atalala chumba cha wageni.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimejaribu kubandua chaga. Gundi imeandikwa kwamba haiachii, na kweli haiachii. Nimevunja patasi. Nikamshauri mke wangu tumpishe mama chumba chetu, kwa heshima. Akajibu kwamba heshima ni mama kulala alikoandaliwa, halafu akaniangalia sana.

Mama mkwe kafika saa tisa. Saa tisa na nusu akaenda kujinyoosha. Tukasikia maboksi. Hakupiga kelele. Aliniita tu: "Baba, ukipata nafasi, njoo unitoe." Kumshika mkwe mikono yote miwili na kumvuta kutoka ndani ya fremu ya kitanda ni jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Shemeji kaitwa. Tumeingiza meza chumbani ubavuubavu, godoro likawekwa juu yake. Kaigonga huku na huku, kakagua kila kiungo. "Kazi safi, shemeji. Ila hii si meza. Hiki ni kitanda." Mke wangu, aliyekuwa amenikaushia tangu saa tisa na nusu, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 9 Machi
Usiku wa pili juu ya meza. Mama mkwe katoka chumbani amenyooka kama mlingoti. Anasema hajaamka bila maumivu kwa miaka minne. Kainama kuokota kijiko makusudi, tumwone. Halafu akaniuliza, mbele ya shemeji, kama ningekubali aondoke na kitanda hicho. Mwanawe ni seremala, alisema, lakini hajawahi kumlaza hivi. Shemeji akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Nimekubali. 

Jumatano, 12 Machi
Kitanda kimeondoka na mama mkwe juu ya pikapu. Chumba cha wageni kina fremu tupu. Sina meza ya kazi.

Mke wangu kanikalisha, kataka ahadi: sitagusa kitanda chochote cha nyumba hii tena. Nimeahidi kwa moyo mweupe, na nitatimiza.

Kabati hakulitaja. Mlango wake wa kushoto ni ubao mmoja mpana, hauna hata fundo. Tena nguo zinahitaji hewa.