Lebo Kumi na Moja Kwenye Picha Yangu

Kwa Ndugu Msimamizi wa Tovuti ya Picha,

Natumaini u mzima na mitambo yako haijakwama. Mimi ni mkutubi. Kwa miaka ishirini na sita nimeandika kadi za katalogi kwa mkono, na hakuna kitabu changu kilichowahi kulala kwenye rafu isiyo yake. Nasema haya ujue kwamba unaandikiwa na mtu mwenye uchungu na kazi.

Mpwa wangu alinipiga picha nikigonga mihuri, akaipandisha kwenye tovuti yenu bila kuniuliza. Hilo nimemsamehe, ni damu yangu. Lakini nyinyi mmeweka utaratibu kwamba mwanachama yeyote anaweza kuibandikia picha ya mwenzake lebo yoyote, na hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanachama anayejiita Mbayuwayu, nisiyemjua kwa sura wala kwa jina, amenibandika lebo kumi na moja. Ya kwanza ni "kipara". Ukiibonyeza, tunatokea mimi, matikiti maji mawili na balbu ya taa.

2. Ya pili ni "mkali lakini". Lakini nini? Nimekaa siku tatu nikingoja amalizie.

3. Ya tatu ni "hajaoa". Hapa, Ndugu Msimamizi, naomba usicheke. Mkabala na maktaba kuna duka la kuchapa barua na kukodisha kompyuta. Mwenye duka ni mjane, mcheshi, na hajawahi kuchapa mstari uliopinda. Nimepanga kumposa. Nimepanga kwa miaka minne. Sasa kila mchana yumo kwenye tovuti yenu, na akinikuta nimeanikwa humo kama bidhaa iliyododa, nitamtazama kwa macho gani?

4. Nilijaribu kuwasaidia. Kwa juma zima nilipita kwenye picha za wanachama, nikaongeza lebo mia mbili kumi na nne kwa kanuni za maktaba. Picha ya harusi iliyoandikwa "raha" niliiandikia "Ndoa; angalia pia: Mikataba, Uvumilivu". Mtoto aliyeitwa "malaika wetu" nikamweka panapostahili: "Binadamu, wadogo". Badala ya shukrani mkaifunga akaunti yangu, eti nasumbua watu. Mimi!

Kwa hiyo naomba lebo zote zifutwe. Kila picha iwe na lebo moja tu, iliyoandikwa na mkutubi na kugongwa muhuri. Picha isiyoeleweka ingojee kikao cha kamati. Anayetaka kupigwa picha aombe nafasi kwanza, na kama nafasi zimejaa, asipigwe. Mbayuwayu afungiwe maisha, ila kabla ya hapo nionyeshwe alipo nikamweleze ana kwa ana. Niko tayari kuanza kazi Jumatatu.

Nisalimie mafundi wako wote, pamoja na aliyenifungia akaunti, ingawa yeye msalimie kwa ufupi.

Wako katika utaratibu,
Mkutubi

Nyongeza, kwa mkono: Tafadhali anza kusoma hapa. Nilimwagiza mpwa wangu aipeleke barua hii ikachapwe duka lolote isipokuwa lile moja. Akaipeleka lilelile. Mwenye duka ameichapa yote bila kuruka mstari, kisha akapiga simu maktaba akaniita. Mbayuwayu ni yeye. Anasema alikuwa akibandika lebo moja kila wiki ili nivuke barabara nikachapishe malalamiko dukani kwake, na ilipofika ya kumi na moja akaanza kudhani sina miguu. Usifute hata moja, nakusihi. Nilimwomba aichape barua upya bila malalamiko, amekataa katakata. Anasema ndiyo posa ndefu kuliko zote alizowahi kuchapa, na jibu lake ni ndiyo. Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya goti. Nimeketi kwenye benchi la wateja, namsubiri afunge duka.